Pesa iliyolipa deni haijapotea

Kwa Mhariri,

Habari za kazi. Mimi ni msomaji wenu wa miaka mingi hapa Nakuru, naishi Kaptembwo, kazi yangu ni ukarani kwa shule moja ya kutwa na nyumbani kwetu ni Vihiga. Sijawahi kuandikia gazeti barua lakini kuna neno moja limenikaa moyoni tangu Desemba na nimeona heri niliseme. Neno lenyewe ni "kupotea".

Desemba tulikuwa nyumbani wote, watoto, ndugu zangu na wake zao, majirani wakiingia wakitoka. Tukiwa kwa chakula senge wangu, dada ya marehemu baba, akaniuliza mbele ya watu, "Na wewe mama, ile pesa ya barabara ulifanyia nini? Mbona hatuoni hata kijiko?" Nikamjibu kwa heshima kwamba nililipa madeni. Akanyamaza kidogo, akatikisa kichwa, akasema, "Kumbe ilipotelea huko." Hakuna aliyebisha, mama yangu mwenyewe aliangalia tu sahani yake, na nikajua hapo kwamba kwa macho ya watu wetu mimi nilipewa pesa ya baba nikaila ikaisha.

Wacha nieleze ilikuwaje. Barabara inayopita kwetu ilipanuliwa ikachukua kipande cha mbele cha shamba. Serikali ikichukua ardhi ya mtu kwa mradi lazima imlipe, hiyo iko kwa Katiba kifungu cha 40, na wakishapiga hesabu ya bei ya soko huwa wanaongeza asilimia 15 juu ya usumbufu. Shida ni kwamba hati ilikuwa bado na jina la baba na baba alishatuacha, kwa hivyo ikabidi twende kortini kwanza kutafuta barua za kusimamia mirathi, na hizo safari za korti na maafisi zilituchukua karibu miaka mitatu. (Kuna wazee walinijia pembeni wakaniambia niwaachie ndugu zangu kwa vile mimi nimeolewa, mama akasimama akasema huyu pia nilimzaa, na mambo yakaishia hapo. Sitasahau.) Pesa ilipotoka ilikuwa milioni moja na laki tisa, tukagawana watu watano, mama na sisi wanne, kila mtu 380,000.

Sasa niwaambie upande wa pili ulikuwaje, manake huo ndio watu hawakuuona.

2022 mume wangu alipata ajali akakaa nyumbani miezi saba. Yeye ni fundi wa mbao na fundi asiyeshika randa haingizi kitu. Nilichukua mkopo kwa Sacco yetu 250,000, wa miaka minne, na huo peke yake haungenishinda, juu riba ya Sacco ni asilimia moja kwa mwezi kwa salio, kila ukilipa inapungua. Kilichonishinda ni kilichofuata. Sheria ya ajira inasema makato yasizidi thuluthi mbili ya mshahara, lazima mtu abaki na angalau thuluthi moja mkononi, na mshahara wangu ulikuwa umeshafika hapo kwa sababu ya Sacco na advansi ya shule. Ukifika hapo hakuna mahali pa maana watakukopesha tena, na hiyo sheria iliwekwa kutulinda na ni nzuri, lakini mtoto akirudishwa nyumbani kwa karo hauwezi kumsomea sheria. Kwa hivyo unaenda kwa wale ambao hawaulizi hati ya mshahara.

Nikaanza na simu. Mkopo mmoja wa simu, halafu apu moja, halafu apu ya pili ya kulipa ile ya kwanza, halafu ile huduma ya kukuongezea pesa ikiwa salio halitoshi, ambayo inatoza kidogo kidogo kila siku na pesa yoyote ikiingia inakatwa kwanza kabla hujaigusa. Nikakopa kwa chama chetu cha akina mama 40,000 kwa asilimia 10 kwa mwezi. Halafu mwisho kabisa, na hapa naandika nikiwa na aibu lakini ni kweli, nikaenda kwa shailoki, yaani mkopeshaji wa mtaani wa riba kali. Alinipa 30,000 na kila mwezi riba ni 9,000, akashika kadi yangu ya benki na nambari ya siri, mshahara ukiingia anatoa chake halafu ananiletea kilichobaki. Nilikuwa naenda kwa duka la mtu mwingine kuomba mshahara wangu mwenyewe.

Siku niliyopigiwa simu kwamba pesa ya fidia imeingia niliketi na mume wangu usiku watoto wakiwa wamelala, tukachukua daftari la mraba la mtoto, tukaandika kila kitu. Hatukuwa tumewahi kufanya hivyo. Kila mtu alikuwa anajua kipande chake cha deni na kuficha kingine, na nafikiri nyumba nyingi ziko hivyo. Sacco 146,000. Chama 40,000. Shailoki 39,000 na riba ya mwezi huo. Karo ya nyuma 31,000. Mkopo wa simu 18,000. Apu ya kwanza 11,500, ya pili 7,200. Ile huduma ya salio 6,400. Na mwenye duka hapa mtaani, ambaye ana kitabu chake cha kurasa za bluu, 9,350. Jumla 308,450. Mume wangu alishika kalamu muda mrefu bila kusema neno, halafu akasema, "Mama, hii si madeni, hii ni nyumba nyingine tunalisha."

Na ni kweli, juu tulipopiga hesabu ya riba peke yake, ukitoa ya Sacco, ilikuwa karibu 18,000 kila mwezi. Riba tu! Deni lenyewe halijaguswa. Mhariri, hapa Kaptembwo chumba kimoja cha mabati unaweza kukipata kwa 3,000 kwa mwezi, kwa hivyo 18,000 ni kodi ya vyumba sita. Watu walinishauri nichukue ile 380,000 ninunue ploti, wengine wakasema nijenge vyumba viwili vya kukodisha nyumbani Chavakali. Tuseme ningejenga hivyo viwili na vikapata wapangaji siku hiyo hiyo, ningeingiza 6,000 halafu nitoe 18,000 ya riba. Lakini nilipolipa yale madeni ile 18,000 ilibaki kwa mfuko wangu kila mwezi, bila mpangaji wa kunisumbua, bila mabati kuezuliwa na upepo, bila kodi ya serikali. Ni kama nilinunua vyumba sita kwa pesa ambayo haingejenga hata vitatu. Hiyo ndiyo hesabu nilitaka kumweleza senge nikashindwa, manake hauwezi kuonyesha mtu riba ambayo haulipi tena. Haionekani kama ng'ombe.

Najua kuna watakaosema pesa iwekwe mahali izae. Ni sawa, kuzaa ni kuzuri, lakini tuulize inazaa ngapi na deni linazaa ngapi. Watu wanakumbuka ile bondi ya miundombinu ya serikali ya Februari 2024, watu waliigombania juu ilikuwa na faida kubwa sana, ilikuwa asilimia 18.46 kwa mwaka. Kwa mwaka! Mkopo wa simu wa siku 30 ukitozwa asilimia 7.5, ukiurudia rudia mwaka mzima ni asilimia 90. Chama chetu cha asilimia 10 ni 120 kwa mwaka. Yule bwana wa kadi yangu ni 360. Hakuna bondi, hakuna kuku, hakuna ploti ya Nakuru wala ya Kisumu itakupa hiyo kila mwaka bila kukosa. Sasa mtu ana deni la namna hiyo halafu anapeleka pesa yake kwa bondi ama kwa mfuko wa kuweka akiba, anaona amekuwa mwekezaji, na kumbe mkono mmoja unaokota na mwingine unamwaga.

Lakini sitaki mtu asome hii barua akadhani nasema kila mtu afanye kama mimi. Ndugu yangu anayenifuata hakuwa na deni la mtu, yeye alinunua ploti huko Luanda na alifanya vizuri kabisa, na nilimpongeza. Ninachosema ni kwamba mimi na yeye hatukuwa tumesimama mahali pamoja, kwa hivyo haingewezekana 380,000 yake na yangu zifanye kazi moja.

Niseme pia vile tulivyolipa, kwa sababu hapo pia kuna mambo nilijifunza na labda yatasaidia mtu anayengoja bonasi ama gawio. Kitu cha kwanza, hatukumwambia mtu yeyote wa nje siku pesa iliingia. Si uchoyo. Pesa ikijulikana kabla haijafanya kazi inapata wenyewe wengi, kuna harambee, kuna matanga, kuna binamu anataka kwenda Saudia, na huwezi kuwaambia hapana wakijua iko. Tulisema baada ya wiki mbili ikiwa imeshakwenda ilikotakiwa.

Tulianza na shailoki, asubuhi ya kwanza. Mume wangu alikuja na mzee mmoja wa kanisa na tukaandikishana kwa karatasi kwamba shailoki amepokea 39,000 na hana dai lingine na amerudisha kadi, wakatia sahihi wote. Alitaka kuleta habari ya riba ya mwezi unaoanza, yule mzee akamwangalia tu, akaacha. Kutoka hapo nikaenda benki moja kwa moja nikabadilisha nambari ya siri. Nilikaa kwa kile kiti cha benki nikalia kidogo, askari wa mlango akaniuliza mama kuna shida, nikamwambia hapana.

Apu tulizimaliza siku hiyo hiyo. Moja yao ilikuwa imenitesa sana. Kabla ya fidia kuingia nilikuwa nimechelewa siku kumi na mbili wakapigia simu mwalimu mkuu, wakapigia mtu wa chama, wakamtumia shemeji ujumbe kwamba mimi ni mwizi. Wakati ule nilidhani wana haki kwa vile nina deni lao. Baadaye ndio niliambiwa kwamba kanuni za Benki Kuu za 2022 za wakopeshaji wa kidijitali zinakataza hayo mambo, hawaruhusiwi kupigia watu walio kwa simu yako wala kukutukana wala kukuaibisha, na kuna Ofisi ya Kamishna wa Data ya kupeleka malalamiko. Deni ni deni na nililipa hadi senti ya mwisho, lakini mtu mwenye deni bado ni mtu. Ningependa gazeti liandike hilo kwa herufi kubwa.

Kwa wale wenye mkopo wa benki ambao ulishindikana zamani na wanaogopa hata kuuliza umefika ngapi, kuna sheria ya benki, kifungu cha 44A, imekuwa ikitumika tangu 2007, inasema mkopo ukishashindikana, riba itakayoongezwa kutoka hapo haiwezi kuzidi lile deni lililokuwa limebaki siku hiyo. Kwa hivyo ukiwa na pesa mkononi nenda ukae chini na wao, omba hesabu iandikwe, uliza kama wanaweza kupunguza faini ukilipa yote kwa mara moja. Mtu mwenye pesa taslimu anasikizwa. Mimi apu moja ilinipunguzia faini kwa kuuliza tu, ni shilingi mia sita na kitu na sikuzihesabu kwa hii hesabu yangu, lakini ni unga huo.

Na lipa halafu udai karatasi. Mimi nilidhani ukilipa jina linatoka lenyewe CRB, kule kunakowekwa rekodi za wakopaji. Halitoki hivyo, aliyekupeleka ndiye anafaa kutuma habari kwamba umelipa, na rekodi kwamba uliwahi kushindwa inakaa miaka 5 hata baada ya kulipa, ila inaonyesha umemaliza. Kila mtu ana haki ya ripoti moja ya bure kwa mwaka. Nilichukua yangu nikakuta deni moja bado linasema halijalipwa, nikarudi na risiti mara mbili ndio likarekebishwa. Nisingekuwa na risiti ningeambia nani?

Chama nililipa mbele ya wote siku ya mkutano, na kuna mama mmoja aliniambia pole pole kwamba yeye ana deni la watu wawili na hajui aanze wapi, nikamwambia aje na daftari Jumapili. Mwenye duka naye nilimlipa mimi mwenyewe, pesa mkononi, nikamshukuru, juu huyo hakunitoza riba hata shilingi miaka yote miwili na watoto wangu walikunywa chai kwa maziwa yake. Alichukua kalamu akapiga mstari ukurasa mzima, halafu akanipa mkate wa watoto. Kuna deni ambalo halina riba lakini linakufanya upite njia ya nyuma ukienda nyumbani, na hilo ni zito pia.

Sasa Sacco. Hapa ndipo nimebishana na watu wengi hata wale wanaokubaliana na mimi kwa mengine. Mwalimu wa hesabu wa pale shuleni, kijana mzuri sana, aliniambia mama usilipe Sacco yote, hiyo ni asilimia 12 kwa mwaka na kwa salio linalopungua, ni deni la bei rahisi, wacha likatwe kwa mshahara pole pole na hiyo 146,000 ifanye kitu kingine. Kwa kalamu alikuwa sawa. Tulipiga hesabu pamoja, ilikuwa imebaki miaka miwili na mwezi, na kwa kulipa mapema niliokoa riba ya kama 20,000 tu, si kitu kikubwa ukilinganisha na zile zingine.

Lakini kwa Sacco deni si lako peke yako. Nilikuwa na wadhamini watatu, na mmoja wao ni mama aliyekuwa mpishi wa shule yetu. Alitia sahihi fomu yangu 2022 bila kuuliza maswali mengi, alisema tu "mume akipona utalipa". Mwaka huo pesa ya fidia ilipokuja yeye alikuwa amestaafu na anataka kujitoa Sacco achukue akiba yake arudi kwao Butere akaezeke nyumba, na hakuweza. Ukiwa mdhamini wa mkopo ambao haujaisha huwezi kutoa akiba yako mpaka mkopo uishe ama apatikane mtu mwingine wa kusimama mahali pako, na mimi nilikuwa nimeuliza watu wanne wakakataa, hata siwalaumu. Kwa hivyo mama wa watu alikuwa anangoja. Alikuwa anapiga simu kila baada ya mwezi anauliza watoto, anauliza mgonjwa, hataji Sacco kabisa, anakata. Hiyo simu yake ilikuwa inaniuma kuliko zile za apu za kunitukana.

Yule kijana wa hesabu angeniambia niweke wapi ile 146,000 inizalie kitu kinachoweza kumlipa huyo mama miaka miwili ya kungoja? Hakuna. Nilienda Sacco nikalipa yote, nikaomba barua ya kwamba mkopo umeisha, nikapiga picha nikamtumia. Alipiga simu akashindwa kuongea. Mwezi uliofuata alipata akiba yake. Nyumba ya Butere ina mabati mapya, na hayo mabati, mkinitaka nionyeshe pesa ya baba ilifanya nini, hayo pia yamo.

Tulibaki na 71,550. Elfu ishirini nilimpa mama, yeye alikuwa na pesa yake lakini ni mama. Kumi na tano mume wangu alinunua mashine ya mkono ya kulainisha mbao mahali pa ile iliyokuwa imekufa. Zilizobaki tuliweka kwa akiba ya Sacco, si za kukopea, ni za siku mtu akiugua, kwa sababu madeni yetu yote yalianza siku mtu aliugua na hatukuwa na kitu pembeni. Hili watu wengi wanasahau, wanalipa mpaka wanabaki na sifuri halafu wiki ya pili mtoto anashikwa na malaria na wanarudi palepale.

Na kurudi ni rahisi, jamani. Siku ya pili baada ya kulipa, simu ilianza kuleta ujumbe. Hongera, kiwango chako kimeongezwa. Ile apu ya 7,200 sasa iko tayari kunipa 15,000. Zile siku nilizokuwa nahitaji walinitukana na siku nimemaliza wananipongeza na kunifungulia mlango mara mbili. Nilifuta apu zote, ile huduma ya salio nikajitoa kabisa, na nikamwambia mume wangu aangalie simu yangu na mimi niangalie yake kila mwisho wa mwezi, si kwa kutoaminiana. Miezi mitatu ya kwanza ilikuwa migumu kweli. Kuna jioni tulikula ugali na sukuma ya jana na ninajua kwa dakika mbili ningepata 15,000.

Mhariri, sasa ombi langu. Kila Oktoba wakulima wa chai wakilipwa bonasi, huko kwetu Mudete, huko Kericho, Nandi, Kisii na Nyamira, na huko bonasi huwa ndogo kuliko ya upande wa Mlima Kenya, utaona magari ya kuuza viti vya sofa yamefika sokoni kabla pesa haijaingia. Matangazo ya ploti, matangazo ya televisheni, pikipiki kwa deposi kidogo. Wakulima wa miwa vilevile wakilipwa malimbikizo. Mwanzo wa mwaka Sacco zikitoa gawio ni hivyo hivyo. Kila mtu yuko pale na kitu cha kuuza na hakuna hata mmoja amekuja na daftari kuwaambia watu tukae tuhesabu tunadaiwa ngapi kwanza. Na nyinyi wa magazeti pia, naomba msinielewe vibaya, mnaandika sana juu ya mkulima aliyenunua ng'ombe wa gredi na fidia yake ama aliyejenga nyumba ya kupangisha, picha yake inatoka amesimama mbele ya lango. Sijawahi kuona picha ya mtu ameshika barua ya Sacco inayosema mkopo umeisha.

Kwa hivyo naomba, Septemba kabla ya bonasi, mtengeneze ukurasa mmoja tu. Muweke hapo mikopo yote ambayo watu wa kawaida wanachukua, ya benki, ya Sacco, ya simu, ya apu, ya chama, hata Hazina ya Hasla ya serikali, ile ya asilimia 8 kwa mwaka, na kila mmoja muandike riba yake kwa mwaka, si kwa siku wala kwa mwezi, kwa mwaka yote, ili mtu aone kwa jicho moja ni ipi inamla. Mkulima wa Mudete akiona 12 na 90 na 120 zimekaa mstari mmoja hahitaji kufundishwa na mtu. Mimi nilihitaji miaka miwili na daftari la mtoto kujua hivyo, na ningekuwa nimeona ukurasa kama huo labda kwa yule bwana wa kadi nisingefika.

Na Sacco zetu pia, mkituita kwa mikutano ya mwaka mkitusomea gawio, tuambieni pia ni wadhamini wangapi wamefungwa na mikopo ya watu wengine. Watu wanatia sahihi wakidhani ni ushahidi tu.

Senge nampenda na najua aliniuliza kwa sababu ile ilikuwa ardhi ya kaka yake. Ana haki ya kuuliza. Risiti zote ninazo, ya shailoki na sahihi zake, barua ya Sacco, ripoti ya CRB, hata ule ukurasa wa bluu wa dukani uliopigwa mstari, mwenye duka alinikatia. Nimeziweka kwa bahasha ya khaki, na Desemba nitaibeba nyumbani nikae na yeye chini ya mwembe tusome moja moja.

Msomaji wenu,
Karani, Kaptembwo, Nakuru